Jibu Moja Kama Utafika

Simu ya marehemu ililia Jumanne asubuhi, wakati Michée Kabeya alikuwa anachuja chai. Ililia mara moja tu, mlio mfupi wa ujumbe. Ilikuwa juu ya kabati la vyombo, kando ya kikombe cha bati chenye maua ambacho hakuna aliyekinywea tangu mwezi wa sita. Michée aliweka kichujio chini, akafuta mikono, akatafuta miwani. Hakuharakisha. Ujumbe wa namna hiyo alipenda kuusoma akiwa ameketi.

"Bi. EMÉRANCE NTUMBA. Kesi yenu na Bi. MAYIMUNA SALUMU itasikilizwa Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, chumba cha skrini, komini ya Panda. Jibu 1 kama utafika. Jibu 2 kama hutafika. Hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Usipofika, itaandikwa kwamba umeiacha kesi yako."

Alisoma jina mara mbili kabla ya kusoma yaliyobaki. Tangu mazishi hakuna mtu aliyelitaja jina hilo lote, la ubatizo na la ukoo, kama la mtu anayesubiriwa mahali. Watoto walisema "Mama". Akina mama wa kanisa walisema "marehemu". Kampuni ya simu ilituma matangazo ya nyimbo bila kumtaja mtu. Mashine ya mahakama peke yake ndiyo iliyokuwa bado inamwita Emérance Ntumba, kwa herufi kubwa, na kumuuliza kama atafika.

Mwaka ule mahakama ya amani ilikuwa imeanza kutumia mashine katika ugomvi wa majirani, wa ndoa na wa viwanja. Mtu hakulazimika tena kupanda teksi-basi hadi mjini, kuketi kwenye benchi la koridoni tangu asubuhi, na saa nane kuambiwa kwamba hakimu amesafiri. Uliandikishwa kwenye komini yako, ofisi ya serikali ya mtaa, ukaacha namba ya simu, na mashine ikakuita siku yako ilipokaribia. Hakimu alibaki mjini. Sura yake ilitokea kwenye skrini ukutani, mkasemezana. Watu wa Panda waliusifu mpango huo, na Michée aliusifu kuwapita wote. Miaka thelathini na moja alikuwa mtunza magazini, ghala la vyombo, katika karakana za shaba. Nyundo ikitoka ilitoka kwa sahihi, ikirudi ilirudi kwa sahihi. Jambo lisiloandikwa, kwake yeye, lilikuwa halijatokea.

Labda ndiyo sababu hakuiambia mashine kwamba mke wake amekufa.

Mara ya kwanza ilipomwita baada ya mazishi, mwezi wa saba, kidole chake kilibonyeza 1 kabla hajafikiri. Jibu lilirudi papo hapo: "Asante Bi. EMÉRANCE. Tunakusubiri." Alikaa na maneno hayo mkononi hadi chai ikapoa. Siku ya kesi hakwenda. Jioni ukaja ujumbe wa kusema Bi. Emérance hakufika, na kwamba ataitwa tena. Mwezi wa nane ikawa vilevile. Alijua anachofanya si sawa. Alijiambia atakwenda kusahihisha juma lijalo, kisha juma lingine. Kila usiku alipokwenda kulala simu ile ilikuwa kwenye chaji, na kila asubuhi aliiondoa ikiwa imejaa.

Sasa ilikuwa mara ya tatu. Asipokwenda, mke wake ataandikwa kuwa mtu aliyemshtaki jirani bure kisha akakimbia. Akienda, itabidi aseme kwa kinywa chake kilichotokea, na baada ya hapo hakuna atakayemwita Emérance tena.

*

Nyumba za kambi ya zamani ya wafanyakazi zilijengwa mbili mbili, mgongo kwa mgongo wa ukuta mmoja. Upande wa pili wa ukuta wa Michée aliishi Mayimuna, mjane wa Abedi, dereva wa malori aliyetoka Kasongo na kufia barabarani. Abedi alipozikwa, Emérance alilala kwenye mkeka wa Mayimuna siku tatu, akaosha sufuria za watu sitini. Miaka ishirini na sita wanawake hao wawili walitwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule ukishuka. Mayimuna alimwita Michée "Papa Camille", kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Michée naye alimwita "Mama Husna", kwa jina la binti yake.

Yote yaliharibika kwa ajili ya bidoni, dumu la maji. Maji yalitoka asubuhi mbili kwa juma, kwenye bomba moja la nyumba kumi na nne, na mabidoni yalipangwa kwa foleni tangu alfajiri. Siku moja ya mwezi wa nne bidoni la Emérance lilijikuta mbele ya la Mayimuna. Nani alilisogeza, hakuna aliyejua. Maneno yakaanza, yakapanda, na Mayimuna, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi tangu ujana, akasema mbele ya wanawake wote:

"Weye unapita mbele ya bantu kama robinet ni ya baba yako. Njo maana hata batoto yako balikukimbia."

Michée alikuwa dirishani ananyoa ndevu. Aliyasikia. Camille alikuwa Kolwezi, katika gereji ya mgodi. Cathy, binti yao, aliolewa Lusaka. Walipiga simu Jumapili, dakika chache, wakauliza kama dawa za presha zipo. Miaka minne hakuna aliyekuja. Michée aliwaambia watu kwamba kazi zimewabana. Sasa jambo ambalo hakuwahi kujiambia hata mwenyewe lilikuwa limesemwa bombani, na lilikuwa limemchoma yeye kuliko aliyeambiwa.

Emérance aliingia na bidoni kichwani, akalitua, akacheka kidogo kwa uchovu.

"Wacha, Papa Camille. Ni maneno ya ku robinet."

"Haiko maneno tu," alijibu. "Ni injure publique, matusi mbele ya bantu. Iko na article yake mu sheria."

Aliketi mezani akaandika kurasa mbili za Kifaransa, kile alichojifunza kwa masomo ya jioni parokiani baada ya zamu, akiwa na mafuta ya mashine bado kwenye kucha. Hakuna alichoandika maishani mwake kwa uzuri kama kurasa zile. Emérance alitia sahihi kwa sababu aliombwa. Walikwenda pamoja komini, na karani Cédrick, mtu mzima mwenye tumbo na sauti ya kuimba besi, akaingiza majina yao kwenye kompyuta yake ya mkononi. Alipouliza namba ya simu ya mlalamikaji, Emérance aliitaja huku akifunika mdomo kwa kiganja. Njiani alisema ni mara ya kwanza serikali kumwomba namba yake, labda sasa watampigia kumsalimia.

Kuanzia siku hiyo Michée aliacha kusema Mama Husna. Alisema "mshtakiwa", hata alipomwomba mke wake amwambie mshtakiwa apunguze redio.

Mwezi wa sita, kwenye baridi ya kiangazi, presha ya Emérance ilipanda. Hakumaliza siku mbili hospitalini.

Kilio kilikaa uani chini ya turubai. Kutoka Kananga alikuja Déogratias, kaka mkubwa wa marehemu, mzee aliyevaa kofia hata akila, akashika nafasi ya mkubwa wa ukoo. Siku ya tatu asubuhi Mayimuna alisimama langoni. Alikuwa na mkeka umekunjwa chini ya kwapa, na ndala zake ameshika mkononi. Hakuingia. Kwao Déogratias, mtu aliyekuwa na mambo, ugomvi usiomalizika, na marehemu haketi kwenye mkeka wa kilio hadi mambo hayo yaongelewe na kumalizwa na wenye kufiwa. Panda nzima ilijua hivyo, Mayimuna naye alijua. Alisimama akingoja aulizwe.

Déogratias aliuliza yule mama ni nani, wanawake wakamwambia. Akamgeukia shemeji yake.

"Mambo yabo iliisha?"

Neno moja lingetosha. Michée alimtazama yule mwanamke mnene aliyepigwa na jua langoni, akakumbuka bomba, na wembe mkononi mwake siku ile.

"Bado haiyaisha," alisema. Kisha akageuza kiti chake, akaelekea ukuta.

Alipokigeuza tena, langoni hapakuwa na mtu. Tangu siku hiyo redio ya upande wa pili haikusikika. Alisikia kikohozi, sufuria, maji ya udhu, sala za alfajiri. Walikuwa watu wawili wanaoishi unene wa tofali moja kati yao, kila mmoja akijua mwenzake anapiga chafya saa ngapi, na hawakuamkiana. Siku za maji Michée alingoja hadi saa sita, wanawake wameshaondoka, akatoka na bidoni kukinga matone ya mwisho. Kwa kawaida alipata nusu.

*

Jumapili Camille alipiga simu, akauliza habari za presha. Baba yake akajibu kwamba mwenye presha alikuwa mama. Camille akasema ndiyo, kisha akasema mtandao ni mbaya. Michée hakumweleza habari za Jumanne.

Alijibu 1. "Asante Bi. EMÉRANCE. Tunakusubiri."

Siku ilipofika alivaa koti la kahawia la sikukuu na viatu vilivyopakwa dawa. Simu yake aliiweka mfuko wa kushoto, ya mke wake mfuko wa kulia. Teksi-basi ilipunguza mwendo kandokando yake na kondakta akamwita, akakataa kwa mkono. Malori ya madini yalipita yakiacha vumbi jekundu hewani, na nyuma yake wauza makala walisukuma baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa marefu kuliko wao. Kule juu lilionekana lundo jeusi la mabaki ya matanuru, na mabomba ya moshi ya karakana yake ya zamani, ambayo sasa yalikuwa hayatoi chochote. Njiani alipanga la kusema. Alilipanga kwa Kifaransa, likatoka kama tangazo la ukutani. Akalipanga kwa Kiswahili, likawa fupi mno.

Chumba cha skrini kilikuwa zamani ghala la mafaili. Kilinuka rangi mpya. Palikuwa na viti sita vya plastiki, meza ya karani, betri za sola pembeni, na skrini ukutani yenye nembo ya taifa. Mayimuna alikuwa ameshafika. Aliketi kiti cha mwisho, amevaa kitenge kilichopigwa pasi na mtandio mweupe, mkoba wa majani miguuni. Hakuinua macho.

Cédrick alimpa Michée mkono na kumuuliza kwa sauti ya chini mama yuko wapi, kwani kwenye mashine alijibu kwamba atakuja. Bila kungoja jibu akaongeza, akionyesha kwa kidevu, kwamba yule mama mwingine ni mtu wa ajabu. Mara zote mbili alifika saa mbili kamili, kabla ya mlango kufunguliwa. Aliambiwa kesi imeahirishwa, bado akakaa hadi saa sita, asije mwenzake akachelewa. Karani alikuwa hajaona mshtakiwa mwenye hamu ya kesi namna ile.

Michée aliketi, akaacha viti vinne katikati. Moyoni alisema: anataka kushinda. Anataka aone jina la Emérance likianguka.

Skrini iliwaka. Hakimu Adrienne alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Sauti yake ilifika nyuma ya midomo kidogo. Aliamkia, akasoma namba ya faili, akasoma shtaka kwa ufupi: matusi ya hadharani, kwenye bomba la maji. Halafu akauliza:

"Mama Emérance Ntumba?"

Hakimu aliinamia karatasi zake, akarudia. Michée alisimama. Koti lilikuwa zito.

"Haiko, madame juge."

"Lakini alijibu kwamba atafika. Mara tatu alijibu."

"Ni minye nilijibu." Alishika mgongo wa kiti cha mbele. "Alikufa. Mwezi ya sita. Hii mara yote ni minye."

Kule mjini hakimu alivua miwani. Kwa sababu ya kuchelewa kwa sauti ilionekana kwamba anamtazama muda mrefu bila kuelewa. Kisha akasema pole, Papa, ikala chini. Hakumkaripia. Alimuuliza tu kwa nini hakutoa habari, naye Michée akasema hajui. Hilo halikuwa kweli kabisa, lakini ukweli wake hakuwa na namna ya kuusema mbele ya skrini.

Cédrick alikohoa. Alieleza, kwa aibu ya mtu anayesoma maagizo, kwamba kwenye mashine kuna kisanduku cha kifo. Akikigusa, faili linafungwa papo hapo na kazi imekwisha, hakuna maelezo mengine yanayoingia. Hakimu alijibu kwamba sheria nayo inasema hivyo, mlalamikaji akifa malalamiko ya matusi hufa naye. Karani akainua kidole ili akiguse.

"Musiifunge."

Mayimuna alikuwa amesimama. Mkoba wake ulianguka ubavu, machungwa mawili yakabingirika chini ya viti, hakuna aliyeyaokota.

"Mama, kesi haiko na kukudhuru tena," hakimu alisema. "Unarudi nyumbani bila kosa."

"Kosa niko nayo. Nilisema ile maneno, bantu yote balisikia. Mukifunga sasa, minye nitabakia na mambo na ule mama mpaka nikufe. Nilikuya ku kilio yake, hawakuniacha kuingia, juu mambo haiyaisha. Minye niko hapa mara tatu ili iishe, kifo yake sikuisema, niliogopa mutaifunga. Niingie pale, nimulilie." Alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Alilala ku mukeka yangu siku Abedi alikufa. Minye sijamulilia hata siku moja."

Michée alimgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu mwezi wa nne.

"Kama ulitaka iishe, juu ya nini hukusema na Emérance mbele hajakufa?"

Mayimuna alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo amelilinda kwa ajili ya muulizaji mwenyewe.

"Tulishasema, Papa Camille. Mwezi ya tano, ulikuwa kanisa. Alikuya ku kinu na sombe yake, tukatwanga. Niliomba samahani, akacheka. Alisema: wacha mzee apate karatasi yake. Siku ya tribunal tutaenda siye wawili, utaniomba samahani mbele yake na mbele ya hakimu, ataandika, atafurahi. Alisema uliandika muzuri sana, hakutaka ile kazi yako ipotee."

Betri za sola zilikuwa zinavuma taratibu. Michée aliketi. Kwa hiyo wiki zile za mwisho, alipokuwa akisema "mshtakiwa" mezani na mke wake akiinamisha kichwa juu ya sahani ya bukari, Emérance alikuwa anaficha kicheko. Amani ilikwisha kufanywa upande wa pili wa ukuta wake, kwa michi miwili, na watu wote waliohusika waliijua isipokuwa yeye.

"Siku ile ku mulango," alisema, "juu ya nini hukusema hii?"

"Uligeuza kiti."

Hakimu aliandika kitu, kisha akamwambia Cédrick aache kile kisanduku cha kifo kwanza. Katika nafasi ya maelezo aandike kwamba mlalamikaji amefariki mwezi wa sita, na kwamba mume wake anasema kwa niaba ya walioachwa, kama yeye mwenyewe anakubali. Halafu afungue ukurasa wa upatanisho. Karani alisema ukurasa ule unadai uthibitisho wa pande mbili, namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya kila mmoja, nayo simu ya mlalamikaji ni ile iliyoandikishwa.

"Hiyo simu iko wapi?" hakimu aliuliza.

Michée aligusa mfuko wa kulia. "Iko hapa."

Mayimuna aliinamisha kichwa mbele ya skrini akasema tena kwamba ametukana na anaomba samahani, kwa Emérance na kwa nyumba yake. Simu yake ikalia, akampa karani aisome. Kisha ikalia ya Emérance, ndani ya koti, mlio ule mfupi. Michée aliitoa, akavaa miwani.

Tarakimu sita. Juu yake jina lote, kwa herufi kubwa.

Alielewa vizuri sana hii ni nini. Mtu aliyetunza magazini miaka thelathini na moja anaijua sahihi ya kurudisha. Ukishaitia, chombo hakiko tena mkononi mwako na hakuna mtu atakayekuja kukuuliza habari zake. Alikaa akizitazama zile tarakimu. Cédrick alingoja. Hakimu alingoja, sura yake ikikwama kidogo na kuachia. Mayimuna hakuinua kichwa.

"Papa," karani alisema kwa upole, "iko dakika tano tu. Zikipita inakufa."

"Najua kusoma," Michée alijibu. Kisha akasoma. "Ine. Sifuri. Saba. Saba." Alipumzika. "Mbili. Tisa."

Kidole cha Cédrick kiligusa kioo. Simu ikalia kwa mara ya mwisho: "Bi. EMÉRANCE NTUMBA. Kesi yenu imemalizika kwa upatanisho. Namba hii haitaitwa tena. Asante."

Mashine ndogo chini ya meza ilitoa karatasi. Michée alipewa nakala yake, safi, yenye mhuri. Aliikunja mara nne bila kuisoma.

*

Walirudi kwa miguu, yeye mbele, Mayimuna nyuma hatua kama ishirini, kwani lilikuwa bado limebaki jambo. Michée aliingia uani kwake, akatoa kiti nje, akakiweka pale palipokuwa na turubai. Alikielekeza langoni.

Mayimuna alipitia kwake kwanza. Alitokea na mkeka chini ya kwapa na ndala mkononi, akasimama langoni kama siku ile.

"Ingia, Mama Husna," Michée alisema. "Mambo iliisha."

Mayimuna alianza kulia kabla ya kuvuka. Hakulia kama mtu anayekumbuka kifo cha miezi mitatu. Alilia kama aliyepigiwa habari saa ile, kwa sauti iliyopanda juu ya mabati, akimwita Emérance, akimwita mwenzangu wa kinu, akimuuliza nani atamchekesha sasa. Wanawake walitoka nyumba za jirani na mikono yenye sabuni, wakiulizana nani amekufa. Walipoelewa, wengine walirudi ndani, wawili wakaja kukaa naye. Michée aliketi kwenye kiti chake. Siku zote za kilio, kwa shughuli na wageni na kofia ya Déogratias, hakuwa ametambua kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajalia. Sasa alilia kidogo, bila sauti, miwani mkononi.

Kabla ya jua kushuka Mayimuna alikunja mkeka wake. Alisema kwaheri vizuri, akaenda upande wake. Alikuwa na Husna na wajukuu waliokuja kula kwake, na Michée aliwasikia kupitia ukuta, vijiko na maneno. Mtu mmoja aliwasha redio. Mtu mwingine akaizima haraka.

Jumanne iliyofuata aliketi na chai yake. Simu ilikuwa kwenye kabati kando ya kikombe cha maua, chaji imejaa. Ilipofika saa ambayo ujumbe ulizoea kuingia, aliichukua. Alifungua ule wa zamani, ulioandikwa Jibu 1 kama utafika, akabonyeza 1, akatuma.

Jibu lilikuja papo hapo, kama kawaida.

"Namba hii haina kesi."

Hapakuwa na jina. Aliusoma ujumbe mara moja tu. Aliilaza simu kifudifudi, akatoa waya wa chaji ukutani, akauviringa na kuuweka katika droo.

Nje mabidoni yalikuwa yanagongana. Ilikuwa siku ya maji, na saa ilikuwa bado mbili na nusu, saa ya wanawake. Michée alivaa kofia, akachukua bidoni la njano ambalo mpini wake ulikuwa umefungwa kitambaa na Emérance ili usimkate vidole, akatoka. Bombani mazungumzo yalipungua alipokaribia. Mwanamke mmoja alimwonyesha mbele, apite, yeye ni mzee na yuko peke yake. Alikataa kwa kichwa. Alitafuta kwa macho hadi akaliona bidoni la Mayimuna, la kumi na moja, la mwisho kwenye foleni. Aliliweka lake nyuma yake, akanyoosha mpini uwe sawa na mingine, akasimama kungoja zamu.